Taa ya Ajabu na Waigaji Wake

Zama za vinanda vya kujipigia, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wurlitzer iliuza Marekani chombo kiitwacho PianOrchestra, kilichoundwa Ujerumani na Philipps wa Frankfurt. Lilikuwa kabati kubwa la mbao lenye piano, filimbi na ngoma, vyote vikitii karatasi iliyotobolewa: tundu likipita mahali pake, upepo hupata njia na sauti hutoka. Mteja alitumbukiza sarafu ya senti 5, basi.

Juu ya baadhi ya makabati hayo kilikaa kitu ambacho hakikuongeza sauti hata moja. Wurlitzer waliita Wonder Light, nasi na tuiite Taa ya Ajabu: tufe lililojaa vito vya kioo vya rangi, balbu ikiwaka ndani yake, likizunguka mbele ya vioo vilivyopangwa kwa pembe. Mpenzi wa mashairi ataifahamu upesi kazi yake. Kibwagizo nacho hakileti habari mpya katika shairi, walakini ukikiondoa, beti hubaki zimetengana.

Makabati mengi yaliangamia. Mwaka 1920 ulevi ulipigwa marufuku Marekani na baa zikafungwa. Kisha redio ikamaliza yaliyosalia. Ndiyo maana leo wapo mafundi wanaoiunda upya taa hii, na hapo ndipo penye hoja yangu: aghalabu huigwa umbo, lisiigwe tendo.

Tuanze na vioo, maana ndivyo vinavyodharauliwa zaidi. Vioo viwili vikikutana kwa nyuzi 90, kito kimoja huzaa taswira 3. Kwa nyuzi 60, taswira 5. Kwa nyuzi 45, taswira 7. Mwigaji anayepima upana wa kabati na kusahau pembe amehesabu mishororo akaacha mizani. Tufe lake litakuwa zuri, lakini litazunguka peke yake kama mgeni aliyefika karamuni watu wamekwisha kuondoka.

Kisha nuru yenyewe. Taa za LED zinavutia kwa sababu iliyo wazi: haziunguzi, na joto ndani ya kabati kongwe la mbao si jambo la mzaha. Hilo nalikubali. Lakini LED nyeupe ya kawaida ina upungufu wa wekundu uliokoza, hivyo kito chekundu, ambacho uzi wa balbu ulikipa moto, hugeuka kuwa rangi ya damu iliyokauka. Tena LED nyingi hutupa nuru upande mmoja, ilhali uzi wa balbu huangaza pande zote. Vito vya nyuma hukosa haki yao. Na ikiwa umeme wake haukutulizwa, LED huzimika na kuwaka kwa kasi isiyoonekana, mpaka tufe linapozunguka: hapo mimeto hukatika vipande vipande badala ya kuteleza ukutani. Uzi wa balbu haupati nafasi ya kupoa, ndiyo maana mmeto wake ulikuwa laini.

Basi mwenye kuchagua LED kwa usalama na achague yenye wekundu wa kutosha, aiweke ienee pande zote, na aitulize umeme wake. Na asiongeze mwanga! Taa hii iliumbwa kwa chumba chenye giza kidogo, si kwa ukumbi wa maonyesho.

Limebaki suala la uzee wa kughushi. Vioo vya kale vilipakwa fedha, na fedha hiyo huanza kuwa nyeusi pembezoni. Wapo wanaovichafua vioo vipya kwa dawa ili vifanane na vikongwe. Siwaungi mkono. Mnunuzi wa siku hizo hakuletewa taa iliyochakaa; aliletewa inayong'aa. Kioo kiwe safi, na mwaka wa kazi uandikwe nyuma ya ubao, mahali fundi wa baadaye atakapouona akifungua parafujo.