Taa na Sauti katika Ngome ya Mombasa

Katika miji kadha wa kadha yenye majengo ya kale, jua likisha kutua, taa za rangi huwashwa, sauti husikika kutoka gizani, na mgeni aliyelipa kiingilio huhadithiwa mambo ya zamani mahali pale pale yalipotokea. Desturi hii ilianza Ufaransa mwaka 1952, katika jumba la Chambord. Mwaka 1961 ikafika Misri, kwenye piramidi za Giza, na huko sanamu ya Sphinx ndiyo iliyopewa sauti ya kusimulia. Pwani ya Waswahili nayo ikapata onyesho la namna hiyo, katika Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu, huko Mombasa. Je, msafiri wa kwetu Katanga, mwenye fedha za kuhesabu, akikuta onyesho kama hili aingie, au apite? Tulipime jambo hili kwa haki.

Kwanza tusifu panapostahili sifa. Onyesho la Mombasa liliandaliwa pamoja na matembezi ya jahazi wakati wa magharibi. Wageni walipokwisha kuzunguka majini walipelekwa ngomeni, wakapokewa na walinzi wenye mienge, wakaona taa na kusikia masimulizi, kisha wakala chakula uani chini ya nyota. Mpango huu una akili. Wareno walijenga ngome hiyo toka 1593 hata 1596 ili walinde bandari. Mtu aingiaye mchana kutoka mjini huona kuta nene tu. Bali atokaye baharini hufahamu mara moja kwa nini kuta zile zipo, na zilimtazama nani. Somo hilo kitabu hakilitoi kwa urahisi.

Lakini kuna kasoro, nayo ni ya maonyesho yote ya aina hii. Taa hupenda kishindo. Mzinga ukilia, taa nyekundu ikamulika ukuta, watu hushangaa na kupiga makofi. Basi tukumbuke Waarabu wa Omani walivyoizingira ngome toka Machi 1696 hata Desemba 1698. Kwa karibu miaka mitatu, waliokuwamo waliuawa na maradhi kuliko silaha. Njaa haina kishindo, wala homa haina rangi. Tena, toka 1895 hata 1958 ngome ilikuwa gereza la serikali ya Kiingereza. Taa gani itaonyesha miaka 63 ya watu waliofungwa? Saa moja ya usiku huchagua vita, huacha mateso, na mgeni hurudi akidhani historia yote ni vita.

Jambo la pili latuhusu sisi Wakatoliki. Mwezi wa Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyebatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, alimwua mkuu wa ngome, kisha Wakristo wengi wakauawa, mapadre wa Shirika la Mtakatifu Augustino wakiwamo, Wareno pamoja na Waafrika waliobatizwa. Hao tunawaita Wafiadini wa Mombasa. Lakini baba yake Yusuf naye alikuwa ameuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno, na mtoto akapelekwa Goa kulelewa. Msimulizi akitaja damu ya 1631 na kunyamaza juu ya ile ya 1614, amemfanya mtu kuwa mnyama tu. Akitaja ya 1614 na kupita haraka juu ya waliokufa kwa ajili ya imani, amewadhulumu marehemu. Hapa ndipo tunapopima onyesho lolote la kihistoria: si kwa wingi wa taa zake, bali kwa kusema nusu zote mbili za habari. Wafiadini wetu hawahitaji uongo ili waheshimiwe.

Shauri letu, basi, ni hili. Mwenye fedha ya kuingia mara moja tu, aende mchana. Atapata nafasi ya kusimama mbele ya picha zilizochorwa ukutani na Wareno, na mbele ya vyombo vilivyotolewa katika merikebu Santo António de Taná, iliyozama karibu na ngome mwaka 1697. Atauliza maswali na kujibiwa, maana sauti ya mashine haijibu mtu. Mwenye uwezo wa mara mbili, aende mchana kwanza, ndipo usiku. Hapo onyesho litamfaa, kwa kuwa atajua lililoachwa gizani. Lakini aendaye usiku peke yake amenunua chakula kizuri na upepo wa bahari. Historia amepewa kidogo tu.

Sisi watu wa upande wa Likasi tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Tangu mwaka 1930 maji ya Lufira hugeuzwa umeme pale Mwadingusha, kwanza kwa ajili ya kazi ya shaba. Tunajua kwamba waya waweza kupita juu ya kijiji, na kijiji kikabaki gizani. Taa haiendi popote yenyewe; huenda inakopelekwa na mtu. Nasi tukionyeshwa ukuta unaong'aa, tuulize ni nani aliyeshika taa, na upande gani hakuumulika.