Kihisi cha Oksijeni Kisichovuja

Fundi wa vifaa tiba anayepokea kihisi kipya cha kupimia oksijeni, Kasulu au Kibondo, asikimbilie namba kwenye kioo. Akague mwili wa kihisi kwanza. Ndani ya kasha lile dogo la plastiki mna risasi iliyoloweshwa katika myeyusho wa potasiamu haidroksaidi, unaounguza ngozi na kutafuna viunganishi vya shaba. Kinachouzuia kutoka ni utando mwembamba, oringi na mshono wa kasha tu.

Pitisha ukucha kwenye mshono: usikwame kwenye ufa wala gundi iliyofurika. Mulika pini kwa tochi. Ukiona unga mweupe kama magadi, myeyusho umeshatoka na kukutana na kabonidioksaidi ya hewani. Kihisi hicho usikifute ukakirudisha kazini, hata kama bado kinasoma sawasawa.

Tarehe ya kutengenezwa naithamini kuliko jina la kiwanda. Kadiri kihisi kinavyofanya kazi, risasi hugeuka oksaidi, na oksaidi huhitaji nafasi kubwa zaidi. Kasha lililobanwa mno husukumwa kutoka ndani, hadi mshono uachie. Kwa hiyo uvujaji hupenda kuja uzeeni, na muda uliowekwa na mtengenezaji ukiisha kitolewe, kiwe kinapima au hakipimi.

Nyanda hizi zina jambo lake. Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kihisi hiki hupima mgandamizo wa oksijeni, si asilimia yenyewe. Kilichorekebishwa Dar es Salaam kusoma 20.9 kitasoma karibu 18 kikifika huku. Inauma kuona kihisi kizima kikitupwa kwa sababu hiyo, wakati wodi ya watoto inakihitaji! Kirekebishe upya hapohapo, kwenye hewa safi, ndipo ukihukumu.

Unapokifunga, uso wa utando utazame chini ili matone ya mvuke yadondoke. Pima oksijeni kabla haijapita kwenye chupa ya maji.

Kikivuja, vaa glavu, osha sehemu iliyoguswa kwa maji mengi, kisha kitie kihisi kwenye mfuko mgumu. Kisipelekwe kwenye shimo la kuchomea taka, maana risasi yake haiungui ikaisha.