Nembo, Sumad na Chui: Uhakiki wa Alama ya Klabu

Neno nembo, ambalo leo twalitumia kwa alama ya serikali, ya shirika au ya klabu, lina historia ambayo mhakiki hana budi kuikumbuka. Awali lilikuwa na maana ya chale zilizochanjwa usoni au mwilini ili mtu atambulikane kuwa ni wa kabila fulani. Wafugaji wa Kisomali wa Garissa, Wajir na Mandera nao wana neno lao, sumad, yaani alama atiwayo ngamia kwa chuma cha moto ili ukoo wa mwenyewe ujulikane. Alama za namna hii huwaunganisha walio ndani, na papo hapo huwatenga walio nje. Swali letu basi ni hili: je, nembo ya klabu ya kandanda yaweza kuunganisha bila kutenga?

Mfano ulio wazi ni wa AFC Leopards ya Nairobi. Klabu hii iliundwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya United. Mwaka 1980, serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila, ikaitwa All Footballers Confederation. Hapa pana ufundi wa lugha: herufi AFC zaweza kusomwa kwa jina jipya, na zaweza kusomwa vilevile kwa jina la Abaluhya Football Club. Amri iliondoa jina, haikuondoa kumbukumbu.

Chui aliye katika nembo ana kazi kama hiyo. Kwa mashabiki wa asili yeye ni Ingwe, jina la Kiluhya wanaloliimba uwanjani hadi leo. Kwa mgeni ni Leopards tu, neno la Kiingereza lisilo na ukoo nchini. Hata Msomali wa Garissa aweza kumwita shabeel, jina linalosikika katika mto Shabelle wa Somalia. Kwa hiyo twakubali kwamba picha ni karimu kuliko jina, kwani kila mtu huisoma kwa lugha yake. Walakini kuna dosari. Kati ya lugha ya nyumbani na lugha ya kigeni, Kiswahili, ambacho kingeweza kuwakutanisha wote, hakikupewa nafasi. Hakuna amwitaye chui.

Funzo hili lina uzito Garissa, ambako mtu huulizwa ukoo wake kabla ya mambo mengine. Klabu ya huko ingevutiwa kwanza na ngamia, mnyama wa heshima na riziki. Lakini ngamia wa kweli hana budi kuwa na sumad. Mchoraji akiichora, ametaja ukoo mmoja. Akiiacha, watazamaji wataitafuta. Kwa maoni yetu afaaye zaidi ni hirola, swala adimu wa Garissa na Tana, ambaye idadi yake porini inakisiwa kuwa chini ya 500. Huyu ni mnyama wa pori. Hakuna ukoo uliomtia chuma, wala hakuna awezaye kumdai kuwa mali yake. Chini yake na paandikwe jina kwa Kiswahili.

Chale za usoni na sumad ya ngamia havikuchaguliwa na waliovichukua. Nembo ya klabu huchaguliwa, na kwa sababu hiyo waichaguao wastahili kuulizwa ni nani waliyemwacha nje.