Mtu au Mwanamume? Uhakiki wa Ukuta wa Kituo cha Concorde

Darasani tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Katika insha hii nimechagua kuhakiki ukuta. Ni ukuta wa Concorde, kituo cha treni za chini ya ardhi jijini Paris, kwenye njia ya 12. Msanii Françoise Schein aliufunika, pamoja na dari yake, kwa vigae, kila kigae herufi moja. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1991. Ukizifuata herufi unasoma Tamko la Haki za Mtu na Raia, lililopitishwa tarehe 26 Agosti 1789.

Sijafika Paris. Dada yangu, ambaye hupita hapo kila asubuhi akienda kazini, ndiye aliyenitumia picha. Kwetu Burundi tumesoma Kifaransa tangu shule ya msingi. Hata hivyo, nilipomweleza kilichoandikwa alinijibu, "Mdogo wangu, miaka minne napita hapa, nilidhani ni mapambo tu."

Jibu hilo linatupeleka kwenye fani. Msanii hakuacha nafasi kati ya neno na neno. Msomaji analazimika kusimama na kutafuta neno linapoanzia na linapoishia. Wengine wataona huo ni udhaifu. Mimi naona ni ufundi, kwa sababu haki haisomwi kwa haraka. Tatizo ni kwamba kituo ni mahali pa haraka. Treni ikiingia, ukuta unafichwa, na anayechelewa kazini hana muda wa kuunganisha herufi.

Kwa upande wa maudhui, kuna neno moja linalonisumbua. *Homme* kwa Kifaransa ni mtu, na pia ni mwanamume. Kiswahili kinayatenganisha. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "mtu" analitendea Tamko hisani ambayo halikuistahili, maana halimtaji mwanamke wala mtumwa. Olympe de Gouges aliliona pengo hilo, akaandika tamko la haki za mwanamke mwaka 1791. Tarehe 3 Novemba 1793 alikatwa kichwa kwa gilotini, katika uwanja ulio juu ya kituo hiki. Katika makoloni ya Ufaransa, utumwa ulifutwa 1794, ukarejeshwa 1802, na kufutwa kabisa 1848.

Je, kazi hii imefaulu? Kwa maoni yangu, imefaulu pale inapompata msomaji wa kusimama. Jumapili moja dada aliziacha treni mbili zipite. Akapata *hommes*, na mbele kidogo *libres*, yaani huru. Akaniandikia, "Hawa *hommes*, na mimi nimo?"

Kwa Kiswahili ningemjibu mara moja kwamba yumo. Kwa Kifaransa cha 1789, nilisita.