Tope la Bayogesi Haliendi Moja kwa Moja Mizizini

Mwenye mtambo wa bayogesi Mjimwema, katika Manispaa ya Songea, anapata vitu viwili kila siku: gesi ya kupikia na tope linalotoka upande wa pili. Gesi inathaminiwa, tope linaishia kwenye shina la mgomba. Kwa mgomba ni sawa, maana udongo una bakteria wake watakaomalizia kazi ya kuligeuza kuwa chakula cha mmea. Lakini anayetaka tope hilohilo lilishe chainizi inayokua majini bila udongo lazima aifanye kazi hiyo mwenyewe, ndani ya ndoo. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa, na mboga inakufa.

Tuanze na mtambo wenyewe. Kuba la matofali linalofukiwa ardhini ni muundo wa CAMARTEC, kituo cha teknolojia za vijijini cha Arusha, uliobuniwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na GTZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, ukaboreshwa na kusambazwa tena kupitia mpango wa bayogesi ya kaya ulioanza 2009. Ndani ya kuba hakuna oksijeni. Bakteria wanapovunja samadi, sehemu ya kaboni inatoka kama gesi, lakini naitrojeni, fosforasi na potasiamu vinabaki kwenye tope. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni sasa ni amonia.

Amonia ikizidi inaunguza mizizi iliyo majini. Isitoshe, pH ya tope huwa kati ya 7.5 na 8, wakati mboga za majini hustawi kwenye 5.5 hadi 6.5. Kwenye pH ya juu madini ya chuma hujifunga, mmea ukashindwa kuyanyonya. Utaona jani changa limekuwa la manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mkulima akiliona hilo hudhani mmea una njaa, anaongeza tope, na tatizo linakua maradufu.

Suluhisho lilitafutwa na watu wenye shida tofauti kabisa na yetu. Katika miaka ya 1990, NASA ilijaribu kukuza ngano na viazi kwa virutubisho vilivyotolewa kwenye mabaki ya mimea, ili siku moja wanaanga wajilishe wenyewe. Mwaka 2011 Makoto Shinohara na wenzake wa Japani walieleza njia ambayo naiona inatufaa zaidi: weka udongo kidogo ndani ya maji, ongeza mbolea ya asili kwa kiasi kidogokidogo, pitisha hewa ya wastani, na subiri bakteria wa udongo wageuze naitrojeni kuwa naitreti kabla mmea haujapandwa. Mabaki ya samaki na ya usindikaji wa mahindi yaliwafaa.

Kwa nini hewa? Fanya hesabu. Tuseme tope lililochujwa lina gramu 1 ya naitrojeni ya amonia kwa lita. Tia lita 2 kwenye ndoo, ongeza maji zijae lita 20. Umepata miligramu 100 kwa lita, kiwango kinachotosha mboga za majani. Kugeuza gramu 1 ya naitrojeni hiyo kuwa naitreti kunahitaji gramu 4.57 za oksijeni, kwa hiyo ndoo nzima inadai zaidi ya gramu 9. Maji yenyewe hubeba takriban miligramu 8 tu kwa lita, yaani gramu 0.16 kwa ndoo nzima. Ukiiacha imetulia, itaoza. Pampu ndogo ya hewa, kama ya tangi la samaki wa mapambo, ndiyo moyo wa kazi yote. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, kwa hiyo kuiwasha mchana na usiku si ndoto tena.

Tope lichujwe kwa kitambaa kwanza, kwa sababu makapi yanamaliza hewa. Mbegu ya bakteria ni konzi ya mboji iliyoiva. Ndoo ikishakomaa, bakiza sehemu yake kuanzishia nyingine, kama mtindi wa jana unavyogandisha maziwa ya leo. Kugeuka kwa amonia kuwa naitreti hutoa asidi, kwa hiyo pH hushuka yenyewe kuelekea pale mboga inapopataka. Ikishuka chini ya 6 bakteria hulegea, na majivu kidogo ya jikoni yanairudisha. Usipande mpaka karatasi ya kupimia ioneshe amonia na naitraiti (hatua ya kati kuelekea naitreti) vimekwisha na naitreti imepanda, kwani naitraiti nayo ni sumu. Juni na Julai, baridi ya Songea inapouma, bakteria hawa huwa wazito. Ndoo ikae karibu na jiko na ipewe muda mrefu zaidi. Madini kidogo ya chuma ya dukani bado yatahitajika.

Kuna jambo moja nisilolilegezea. Kuba la kaya halina joto la kuua mayai yote ya minyoo, na mkoani Ruvuma tegu ya nguruwe ni tatizo halisi. Mayai ya tegu hutoka kwenye kinyesi cha binadamu. Mtambo uliounganishwa na choo usilishe kachumbari wala saladi. Hata kwa samadi ya ng'ombe peke yake, maji yapite mizizini tu, jani lisiguswe, na mboga ipikwe.

Kwa mahindi nisingeshauri mfumo huu. Ardhi ya Songea inayabeba vizuri. Faida yake iko kwenye kiwanja kidogo cha mjini kati ya Mei na Oktoba, mvua ikiwa imekatika na bei ya mboga sokoni imepanda.