Kipimaumbali cha Leza: Kijaribu kwa Ng'ombe, Si kwa Kibao

Vipimaumbali vya leza vinavyouzwa madukani Nairobi vingi vilibuniwa kwa ajili ya mwindaji wa Marekani au mcheza gofu, na maneno ya kwenye boksi yameandikwa kwa ajili yao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikaendelea kuukataza uwindaji wa burudani. Anayetaka kuwinda kihalali huvuka Namanga aingie Tanzania, ambako vitalu vya uwindaji hutolewa kwa leseni. Upande huu wa mpaka, kutoka Kitengela kushuka Isinya hadi Kajiado, mwenye haja ya kweli na chombo hiki ni mhesabu wanyama: anayefuata mstari ulionyooka nyikani, akiona kundi la swala tomi au punda milia anaandika wako wangapi, wako upande gani na wako mbali kiasi gani. Mwindaji na mhesabu wanakutana mahali pamoja. Wote wawili wanaelekeza leza kwenye mnyama mwenye rangi ya vumbi, aliyesimama kwenye nyasi, jua likichoma. Kwa hiyo ubora wa chombo usitafutwe kwenye umbali mkubwa kinaojivunia kuufikia. Utafutwe pale kinaposhindwa, na kwa namna kinavyoshindwa.

Boksi litasema mita 1,000, pengine 1,500. Namba hiyo kwa kawaida ni ya shabaha inayong'aa, mfano kibao cha barabarani chenye rangi ya kuakisi taa za gari. Watengenezaji waungwana huchapisha namba tatu: ya kibao, ya mti, na ya mnyama, na ile ya mnyama ndiyo ndogo kuliko zote. Sababu iko katika namna chombo kinavyofanya kazi. Kinatuma mpigo mfupi wa mwanga usioonekana, kinangoja urudi, kisha kinaugeuza muda kuwa umbali. Mwanga ukienda kwa swala aliye mita 300 na kurudi, hutumia takriban sehemu mbili za milioni za sekunde. Kibao huurudisha mwingi wake palepale ulikotoka. Manyoya ya mnyama huutawanya, na kinachorudi ni kidogo mno. Muuzaji akikuonyesha namba moja tu, mwulize hiyo ni ya nini. Asipojua, ichukulie kuwa ni ya kibao.

Jambo la pili halimo kabisa kwenye matangazo mengi, nalo ni unene wa mwale. Mwale wa leza hutanuka kadiri unavyokwenda, na katika vyombo vingi haufanyi duara, bali huwa mpana zaidi upande mmoja. Mwale unaotanuka sentimita 25 kwa kila mita 100 utakuwa na upana wa sentimita 75 ukifika mita 300. Swala tomi mzima ana kimo cha kama sentimita 60 begani. Hapo mwale umempita mnyama, na sehemu yake nyingine imeangukia majani yaliyo mbele yake na kichaka kilicho nyuma yake. Chombo sasa kina majibu matatu mkononi na lazima kichague moja. Chombo duni huchagua lolote na kuliandika kwa ujasiri. Chombo kizuri, kisipopata jibu la kuaminika, huonyesha vistari vitupu. Wanunuzi wengi huviona vistari hivyo kama udhaifu, nami naviona kama uaminifu. Nafasi iliyo wazi daftarini inaweza kujazwa kwa kusogea au kupima tena, lakini mita 180 za unyasi zilizoandikwa badala ya mita 300 za swala hazitagunduliwa na mtu yeyote.

Ndiyo maana uwezo wa kuchagua hali ya upimaji una thamani kuliko mita 500 za ziada. Vyombo vya gofu kwa kawaida huchukua kitu kilicho karibu zaidi, kwa kuwa kijiti chenye bendera kiko mbele ya miti. Vingi vya uwindaji huweza kuruhusu kitu cha nyuma kichukuliwe, ili majani yaliyo mbele yapuuzwe. Nyasi za Kitengela baada ya mvua ndefu zinahitaji hali hii ya pili. Nyumbu aliyesimama mahali peupe, mlima ukiwa mgongoni kwake, anahitaji ya kwanza. Chombo cha gofu ni rahisi na kinauzika, na wapo watakaouliza kwa nini mtu alipe zaidi. Kwa mbuni kwenye uwanja ambao nyasi zake zimeliwa na mifugo zikawa fupi, kinatosha. Kwa mwaka mzima wa kazi, hakitoshi.

Kukijaribu hakuhitaji maabara, ila kunahitaji kutoka nje ya duka, maana ukuta wa pili wa barabara utasomwa na chombo chochote. Tafuta nguzo ya umeme iliyosimama peke yake, anga ikiwa nyuma yake. Peleka alama ya kulengea polepole kutoka kushoto kwenda kulia huku ukiendelea kupima. Umbali wa nguzo ukitokea wakati alama bado iko pembeni, mwale na alama havilingani, na utakuwa ukimlenga swala na kupima jirani yake. Kisha pima kwa tepu ya mafundi mita 100, upime umbali huohuo kwa leza mara kadhaa. Tofauti ya mita moja ni ya kawaida, tofauti ya mita tano ni sababu ya kukirudisha. Mwisho, mtafute ng'ombe mwekundu au mweusi, Kajiado hawakosekani, kwa idhini ya mwenyewe. Hakikisha chombo kimeandikwa kuwa leza yake ni ya Daraja la 1, ambayo hailidhuru jicho katika matumizi ya kawaida. Anza karibu, rudi nyuma hatua kwa hatua hadi vistari vianze kutokea mara nyingi kuliko namba. Fanya hivyo asubuhi, rudia saa saba mchana mazigazi yanapocheza juu ya ardhi. Namba ya saa saba ndiyo namba ya chombo chako.

Kioo nacho kitazamwe. Maandishi meusi husomeka vizuri juani na hupotea alfajiri ukilenga kichaka chenye kivuli. Mekundu hufanya kinyume chake. Kwa kuwa kuhesabu kwa kawaida huanza mapema, ningechagua mekundu yanayoongezwa mwanga. Hesabu za mwendo wa risasi zinazoongeza bei, mhesabu hazimhusu, tena ni hatari: umbali uliorekebishwa kwa ajili ya risasi si umbali wa mnyama.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mfugaji wa Kimaasai aliyekulia katika nyika hii hahitaji leza. Jicho lake linamtambua mnyama kabla ya darubini ya mgeni, na hilo halina ubishi. Lakini kutambua si kupima. Makadirio ya macho hukimbilia namba za duara, 100, 200, 300, na kosa lake huelemea upande mmoja. Katika hesabu ya mstari, umbali wote ukipunguzwa kwa asilimia 10, idadi inayokadiriwa hupanda kwa takriban asilimia 11, hata kama kila mnyama alionekana na kuhesabiwa sawasawa. Wengine watasema ndege hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwa tembo na twiga, naam. Swala tomi kati ya seng'enge na nyumba mpya za Kitengela ni rahisi kumkosa ukiwa angani. Na namba hizi zina wenye kuzitegemea: mpango wa kukodisha ardhi ulioanza mwaka 2000 kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi uliwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke uzio, na mpango wa namna hiyo unahitaji kuonyesha kama wanyama wanaongezeka au wanapungua.

Basi nunua kinachosoma ng'ombe mwekundu kwa mita 500 saa saba mchana, uache kile cha kibao kwa mita 1,500. Kabla ya kukigawa kwa wahesabu, fungua mipangilio: vingi hutoka kiwandani vikipima kwa yadi, na yadi 300 ni mita 274 tu.