Porsche 944: chanzo cha mtetemo kwenye sailensi

Injini ya awali ya Porsche 944, gari la michezo lililoanza kuuzwa mwaka 1982, ina silinda 4 na ujazo wa lita 2.5. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 100, na ukubwa huo una gharama yake. Pistoni nne nzito zinapopanda na kushuka hubaki nguvu isiyosawazishwa, nayo huisukuma injini juu na chini mara mbili katika kila mzunguko wa krankishafti. Mwingereza Frederick Lanchester alikwisha kubuni dawa yake mwanzoni mwa karne ya 20: shafti mbili zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka kwa kasi maradufu ya krankishafti, moja kulia na nyingine kushoto. Mitsubishi ilikuwa na hataza ya kuzifunga kwa kimo tofauti, moja juu na nyingine chini, na Porsche ikaona afadhali ilipie leseni.

Kwa kuwa shafti hizo za mizania ndizo sifa ya injini hii, ndizo pia hushukiwa kwanza gari linapotetema likiwa kwenye sailensi. Mara nyingi husingiziwa. Nguvu ambayo shafti hizo huituliza hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: injini ikitoka mizunguko 900 kwa dakika, ambayo ni sailensi ya kawaida, ikafika 4,500, kasi imeongezeka mara 5 lakini nguvu imeongezeka mara 25. Shafti zilizofungwa vibaya hujitangaza barabarani, kwa mtetemo mwembamba unaowasha viganja kwenye usukani na kuzidi kadiri mafuta yanavyokanyagwa. Gari linalotikisika likiwa limesimama, kisha likatulia kwenye mizunguko 2,000, lina ugonjwa mwingine.

Swali la kwanza, basi, ni kama injini yenyewe inazunguka sawasawa. Kwenye mizunguko 900 silinda nne huchoma mafuta mara 30 kwa sekunde, na mipigo hiyo huungana ikawa mngurumo mmoja. Silinda moja isipochoma, pengo hujitokeza mara 7 au 8 kwa sekunde, taratibu kiasi cha kuonekana injini ikicheza na kusikika kwenye bomba la ekzozi. Kuipata silinda inayomisi ni rahisi: injini ikiwa imepata moto, soketi ya umeme ya kila nozeli huchomolewa kwa zamu. Silinda nzima ikikatwa, mizunguko hushuka. Ile isiyobadilisha kitu ndiyo yenye kasoro, na hapo hukaguliwa plagi, waya wake, nozeli na mwishowe kompresheni. Kuchomoa waya wa plagi injini ikiwaka ni desturi ya gereji nyingi, lakini ni desturi mbaya, kwani hupiga mtu shoti na huweza kuharibu mfumo wa umeme.

Kama silinda zote zinachoma lakini sailensi inapanda na kushuka, hushukiwa hewa ya wizi. Injini hii hupima hewa kwa kibao kinachosukumwa na mkondo wake, na kompyuta hutoa petroli kulingana na kipimo hicho. Hewa inayopenya baada ya kibao haihesabiki, hivyo mchanganyiko hupungukiwa petroli. Tundu dogo huonekana zaidi kwenye sailensi kwa sababu hewa yote inayoingia wakati huo ni kidogo. Mpira mkubwa ulio kati ya kipimo na throto hupasuka kwenye mikunjo yake, na mipira midogo iliyojificha chini ya manifoldi hukauka kwa joto na umri. Kupuliza moshi ndani ya manifoldi huonyesha tundu bila kubahatisha. Kunyunyizia kimiminika kinachowaka juu ya injini ya moto ni kuomba ajali.

Injini ikithibitika kuwa inazunguka sawa, zamu ni ya mauntingi, na katika magari ya umri huu hapa ndipo kesi nyingi huishia. 944 ina mauntingi mbili zenye maji ndani: injini inapocheza, maji hupita katika kitundu chembamba kutoka chumba kimoja hadi kingine na kuumeza mtetemo. Ya kulia iko jirani na ekzozi, hivyo hupikwa. Maji yakivuja, mpira hulala, injini hushuka, chuma hugusana na chuma, na mtetemo hupita moja kwa moja hadi kwenye bodi. Alama zake ni unyevu kwenye mauntingi na kimo kilichopungua kikilinganishwa na mpya. Kipimo kizuri zaidi ni kuinyanyua injini milimita chache kwa jeki, gogo la mbao likiwa katikati na uzito ukiwa mdogo, maana sampu ni ya aluminiamu na hupasuka. Bodi ikitulia papo hapo, mkosaji amepatikana. Wapo wanaoweka mauntingi ngumu za mashindano, kisha wakahangaika kutafuta hitilafu ambayo haipo.

Gari hili lina jaribio jingine lisilopatikana kwa mengi. Klachi iko mbele, gia boksi iko nyuma, na kati yake mna shafti ndefu ndani ya bomba, inayozunguka hata gari likiwa huru. Klachi ikikanyagwa, shafti husimama. Mtetemo au kelele ikikoma nayo, hukaguliwa bearingi za bomba hilo, au plati ya klachi, ambayo katikati yake ina mpira unaochakaa.

Shafti za mizania hukaguliwa mwisho, hasa kama dalili zilianza baada ya kubadilisha mikanda. Zina mkanda wake, na ukitolewa injini bado huwaka. Kila gurudumu la shafti lina nafasi mbili za ufunguo, O kwa shafti ya juu na U kwa ya chini. Zikibadilishana, shafti huacha kupingana na pistoni kwa wakati wake. Alama zikisharudishwa mahali pake, matokeo hupimwa kati ya mizunguko 3,000 na 4,500, si kwenye sailensi.